Mama Pomoni na Mkojo wa Transiti

Habari yenyewe ililetwa na Everline kwenye kamba ya nguo, nepi zikiwa bado zinachuruzika maji.

"Mama Quinton, umesikia? Huyo jirani yako anakinga mkojo wa paka."

Maurine alikuwa na vibanio viwili mdomoni na mtoto mgongoni. Akavitoa vibanio. "Jirani gani?"

"Si huyo Mama Cindy wa chai! Nimemwona na macho yangu haya, jana na leo, kabla jua litoke. Amechuchumaa huko nyuma ya choo, pale kwa jivu, ameshika upawa, anamfuata paka unyounyo. Paka akisimama, na yeye anasimama. Paka akiinama, na yeye upawa chini. Sasa niambie wewe, mtu mzima na akili zake anataka mkojo wa paka wa nini?"

"Labda paka ni mgonjwa."

"Mgonjwa!" Everline akacheka kwa pua. "Hiyo ni dawa ya kuvuta wateja, dada. Unanyunyiza mlangoni, asubuhi madereva wamejipanga. Kwani barabara yote ile ina vibanda vingapi vya chai? Na malori yanasimama kwa nani? Mimi sisemi kitu. Nimesema tu nimeona."

Alisema hivyo, akabeba beseni lake tupu, na Maurine akamsikia akisimama mlango wa pili na kuanza tena: "Mama Amuge, umesikia?"

Maurine alimalizia nepi. Yeye alijua kwa nini malori yanasimama kwa Mama Cindy, na halikuwa jambo la kunyunyiza.

Jina la ubatizo la Mama Cindy ni Leonida. Alizaliwa upande wa Namboboto, akabaki yatima mapema, akalelewa na shangazi mwenye watoto wake saba. Pale kwa shangazi chai ilikuwa na daraja. Watoto wa nyumba walipewa kikombe kizima, cha maziwa. Leonida alipewa nusu, tena ya rangi, na hiyo nusu aliinywa amesimama mlangoni. Alikuja Malaba akiwa msichana wa miaka kumi na saba, akaosha vyombo katika hoteli ya watu, mpaka akapata kibanda chake mwenyewe kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Siku ile ya kwanza alipomimina chai yake ya kwanza, alijaza kikombe mpaka chai ikapita ukingo ikamwagika kwenye sahani. Dereva akadhani amekosea mkono. Hakuwa amekosea. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anamimina vivyo hivyo, na kila dereva anayemjua huanza kwa kuinua sahani na kunywa ile iliyomwagika, ndipo ashike kikombe. Mmoja wao, mtu wa Mombasa, ndiye aliyempa jina la Mama Pomoni. Tena maziwa ya chai hiyo hayajawahi kukutana na maji yasiyo na kazi, yale ya kuongezea wingi. Ni jambo analolisema mwenyewe, polepole, kama mtu anayeapa.

Maurine mwenyewe aliwahi kukijua kikombe hicho. Wakati anatoka hospitali na Quinton mchanga, mume wake Eric akiwa na lori huko Kigali, Leonida aliingia bila kubisha, akaweka mezani kikombe cha uji wa wimbi kilichojaa mpaka hakingeweza kuinuliwa. Ilibidi Maurine ainamishe kichwa na kunywa kama ndama. Walicheka wote wawili. Tangu siku hiyo alimwita mama.

Kwa hiyo baada ya kuanika, alipitia nyuma na kumkuta Leonida ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, upawa magotini, macho mekundu. Upawa ulikuwa mpya. Mpini wake ulikuwa umepakwa rangi ya kucha nyekundu.

"Nimeupaka nisije nikauchanganya na wa supu," Leonida alisema kabla hajaulizwa. "Najua Everline amekwisha kukuambia. Hajakuambia?"

"Ameniambia kidogo."

"Everline hana kidogo." Akasogea ili Maurine apate pa kukaa. "Ni huyu Transiti. Tangu Jumapili anaenda kwenye jivu mara kumi, mara kumi na tano, anachuchumaa, analia, kinatoka kitone. Jana kitone kilikuwa na damu."

Transiti alikuwa amelala ndani, juu ya gunia la sukari, mkia umening'inia. Alikuwa paka dume wa kijivu mwenye shingo nene. Alifika Malaba miaka mitatu iliyopita ndani ya lori la simiti kutoka Athi River. Dereva alipofungua turubai, kikatoka kipaka kimejaa vumbi, kinapiga chafya. "Mama Pomoni, mzigo huu hauna karatasi, chukua wewe," dereva akasema. Wakamwita Transiti kwa sababu neno hilo limeandikwa kwenye malori, na kwa sababu kila mtu alidhani atapita tu. Hakupita. Mwezi ule ule Cindy, binti wa pekee wa Leonida, alikuwa ameolewa ng'ambo ya Tororo, na nyumba ilikuwa imenyamaza. Maurine alikuwa amesikia kupitia ukuta jinsi ilivyoanza kusema tena: "Transiti, leo kumenyesha. Transiti, huyo dereva wa Voi amepunguza mwili, umemwona?"

"Nilimpeleka Amagoro kwa Daktari Omagor, yule wa mifugo," Leonida akaendelea. "Amemshika tumbo. Anasema njia haijaziba lakini inataka kuziba. Ikiziba kabisa, ni siku mbili tu. Na hawezi kutoa dawa kwa kukisia, kwa sababu dawa ya ugonjwa mmoja inaua mwenye ule mwingine. Anataka mkojo." Akatoa mfukoni mwa aproni kichupa kidogo chenye kifuniko cheupe na bomba la sindano lisilo na sindano. "Alisema nimletee hata kidogo, chochote nitakachopata. Sasa huyu, akiona upawa, anainuka. Anaenda mbele. Nikisogea, anaenda mbele. Ananiangalia hivi, Mama Quinton, kama mimi ndiye sina adabu."

Maurine alicheka, kisha akajizuia. Leonida naye akacheka, machozi yakamtoka humo humo.

"Na nikimfungia ndani na beseni tupu, anakaza mpaka nimfungulie. Anataka kufukua. Paka bila kitu cha kufukua, hafanyi."

Hapo Maurine akamsogeza Quinton kutoka mgongoni hadi pajani. Yeye alikuwa msusi. Aliwasuka watoto wa ploti nzima barazani kwake, na alikuwa na mkebe mkubwa wa shanga za nywele, zile za plastiki, nyeupe na samawati na waridi. Wiki mbili nyuma, akimsuka mtoto wa Everline, alimwaga shanga zote kwenye sinia ili achague rangi. Transiti alikuja, akatia mguu mmoja, akafukua. Akatia wa pili, akafukua. Kisha akageuka, akainua mkia, na ndipo Maurine alipomrushia ndara.

"Mama," alisema, "shanga hazinywi maji."

Leonida hakuelewa mara moja. Maurine akaenda, akaleta mkebe. Waliziosha shanga kwa maji moto mara tatu, wakazikausha kwa leso safi, wakazimwaga kwenye beseni lililooshwa vile vile, wakaliweka pembeni mwa chumba na kufunga mlango. Walikaa nje kwenye ngazi. Quinton alitafuna mpini wa kijiko. Ndani kulikuwa kimya, halafu kukawa na sauti ya shanga kugongana, shwa, shwa, shwa, kama mtu anayepepeta maharagwe.

Leonida alimshika Maurine mkono.

Walipofungua mlango, Transiti alikuwa amekwisha kurudi kwenye gunia lake, anajilamba kama hajui lolote. Waliinamisha beseni, Maurine akazuia shanga kwa kiganja, na pale pembeni pakakusanyika maji ya njano yenye wekundu kidogo. Leonida akayavuta kwa bomba, akayatia kwenye kichupa. Yalifika robo.

Leonida akainua kichupa kwenye mwanga wa mlango. Aliridhika, halafu Maurine akaona uso wake unabadilika. Alikitazama kichupa kama mtu aliyepewa chakula kwenye sahani chafu. Akakitikisa. Akakitazama tena. Kisha akafikia chupa yake ya chai, ile ya maji moto, akamimina kidogo kwenye kifuniko, na kutoka hapo akaongeza kwenye kichupa mpaka kikajaa, kimejaa kabisa, hata tone moja likapita ukingo. Akafuta, akafunga.

"Haya," akasema, amefurahi.

Maurine alifungua mdomo. Lakini Leonida alikuwa mtu mzima wa umri wa mama yake, na labda daktari ndiye aliyesema hivyo, nani anajua mambo ya maabara. Akafunga mdomo.

Walikwenda Amagoro kwa bodaboda, Leonida amempakata Transiti ndani ya kikapu kilichofungwa leso juu, Maurine nyuma yake na Quinton mgongoni. Duka la Daktari Omagor lilikuwa na magunia ya chakula cha kuku mbele na meza yenye hadubini nyuma ya pazia.

"Yoga, mama!" alimsalimu kwa Kiteso. "Umepata?"

"Yoga, daktari. Nimepata. Kimejaa."

Omagor alikipokea kichupa, akainua nyusi. Akadondosha tone kwenye kijichombo kama kidarubini, akakielekeza mlangoni, akachungulia. Akakipangusa, akadondosha tena, akachungulia tena. Alikwenda kwenye hadubini, akakaa huko muda. Aliporudi aliketi kwenye gunia la chakula cha kuku, akavua miwani, na Maurine akajua, kwa namna alivyoketi, kwamba ni habari mbaya.

"Mama, mimi sipendi kumzungusha mtu. Mkojo wa paka huwa mzito. Figo ndizo zinaukaza. Huu ni mwepesi, unakaribia maji. Mkojo ukiwa hivi, na paka anaumwa hivi, mara nyingi figo zimechoka. Na figo zikichoka, hakuna dawa. Naweza tu kumpunguzia maumivu."

Leonida alitia mkono chini ya leso ya kikapu, na Maurine akauona mkono ukitembea huko ndani, ukipapasa, polepole.

"Atafika Krismasi?" Leonida aliuliza.

Daktari akatazama miwani yake.

Kumsahihisha mama mbele ya mwanamume, tena daktari, si jambo la kufanya. Lakini Maurine aliuona ule mkono ndani ya kikapu.

"Daktari," alisema, sauti ikatoka nyembamba. "Mkojo wenyewe ulikuwa umefika hapa." Akaweka kidole kwenye kichupa, chini, penye robo.

Omagor akavaa miwani. Akatazama kidole. Akatazama kichupa. "Na hii nyingine yote?"

Kuku mmoja alilia nje. Leonida aliinua kichwa, akamtazama Maurine, halafu daktari, halafu sakafu.

"Niliongeza," akasema.

"Uliongeza nini?"

"Maji. Ya moto. Ya chupa ya chai, ni safi, nimeyachemsha mwenyewe." Sasa maneno yalimtoka kwa kasi. "Ningekuletea aje kichupa robo, daktari? Mtu umeketi hapa unatungoja, umeacha kazi zako, nikuletee kitu kimelala chini ya chupa kama mabaki? Kwani wewe ni mtu wa kupewa robo?"

Daktari Omagor alijaribu. Maurine alimwona akijaribu. Aliuma mdomo, akatazama dari, akashika shavu. Kisha kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akalazimika kushika gunia asianguke, na Maurine naye akashindwa, na Leonida, ambaye bado alikuwa na machozi, akampiga Maurine begani kwa kiganja. "Na wewe uliniona ukanyamaza! Ukaniacha nimpikie paka wangu mkojo!"

"Mama, nilidhani ni daktari amesema!"

"Mama Pomoni," daktari alisema alipopata pumzi, maana hata Amagoro jina hilo lilikuwa limefika, "niletee kingine. Kidogo. Kiwe kitone, sijali. Lakini kiwe cha paka peke yake." Akamdunga Transiti dawa ya kutuliza maumivu, na hapo akaacha kucheka. "Na kiwe kesho asubuhi. Hatuna siku za kuchezea."

Asubuhi iliyofuata mlango ulifungwa tena, beseni ndani, shanga zimeoshwa upya. Safari hii Leonida alikuwa hata hajafungua kibanda. Madereva wawili walikuja kuuliza kulikoni, wakaambiwa wangoje, wakangoja. Everline naye alikuja, kwa kuzunguka, kana kwamba anatafuta kuku wake. Ploti nzima ilijua Everline hana kuku.

"Karibu, Mama," Leonida alimwambia. "Karibu uone uchawi kwa karibu. Kaa hapa."

"Mimi? Mimi napita tu."

"Kaa."

Everline akakaa. Ilipita nusu saa. Transiti alitembea, akalia mara moja kilio kirefu kilichowanyamazisha wote, akanyamaza. Leonida alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Kisha ikaja ile sauti, shwa, shwa, shwa. Everline alishika kifua. "Anafanya nini humo?"

"Anasuka," Maurine akasema.

Walipoingia, Leonida hakumuuliza Everline kama anataka. "Shika beseni hapa. Inamisha. Polepole, lisimwagike, hiyo ni roho ya mtu." Na Everline, aliyeeneza habari ya mkojo mpaka stendi, akajikuta amepiga magoti ameshika beseni kwa mikono miwili, ulimi umetoka pembeni kwa bidii, Maurine amezuia shanga, Leonida anavuta kwa bomba. Kilipatikana kidogo kuliko cha jana. Leonida alikitazama kichupa. Maurine akamwona anatazama chupa ya chai. Akamwona anageuza uso, kwa nguvu, kama mtu anayejizuia kukuna upele. Akafunga kifuniko.

Huko Amagoro, Omagor alichungulia kwenye kijichombo chake na kutabasamu. "Huu sasa ni mkojo. Mzito. Figo ziko kazini." Alipokwenda kwenye hadubini aliita, "Mama Quinton, wewe mwenye macho, njoo uone." Maurine aliweka jicho. Ndani ya duara la mwanga kulikuwa na vipande vingi vidogo vinavyong'aa, vyenye pembe, kama kioo kilichovunjika.

"Hivyo ndivyo vinamkwaruza," daktari alisema. "Anakula nini huyu?"

"Omena," Leonida akajibu. "Kavu. Ndiyo anapenda."

"Na maji?"

"Maji hanywi sana."

"Basi nina dawa ya wiki mbili, na nina kazi nyingine ya kukupa. Omena kavu ikome. Chakula chake kiwe na rojo, na kila unapompa, ongeza maji. Bakuli lake la maji lisikae nusu hata siku moja." Akamtazama juu ya miwani. "Hiyo kazi ya kuongeza, mama, umepata pa kuifanyia."

Siku ya nne Transiti alikwenda kwenye jivu mara tatu tu, hakulia. Siku ya sita alimfukuza panya kutoka kwenye gunia la sukari mpaka barazani kwa Maurine, akapindua mkebe wa shanga, na hakuna aliyemrushia ndara. Karibu na meko ya Leonida kulikaa bakuli jipya la bati, na maji yake yalikuwa yamefika ukingoni kabisa, yamevimba juu kidogo, yanatetemeka kila lori lilipopita.

Jumamosi iliyofuata jioni Maurine alikuwa kibandani, Quinton pajani. Everline alikuwa amesimama kati ya madereva, anasimulia.

"Mimi ndiye nilishika beseni! Bila mimi huyo paka leo ni udongo. Nilimwambia Mama Cindy tangu siku ya kwanza, huyo paka ni mgonjwa. Muulizeni Mama Quinton, kwenye kamba ya nguo nilimwambia nini?"

"Ulisema mengi," Maurine alijibu, na madereva wakacheka.

"Lakini kitu kimoja sijaelewa," Everline akageuka. "Huko Amagoro mlienda mara mbili. Mara ya kwanza si mlikuwa na mkojo? Daktari alikataa kwa nini?"

Maurine alimtazama Leonida. Leonida alikuwa amewapa mgongo, anamimina chai, na mkono wake ulikuwa umesimama hewani.

"Ulipoa njiani," Maurine akasema.

"Eee," Everline akasema, akaridhika, akarudi kwa madereva wake.

Leonida alimaliza kumimina. Akakileta kikombe mwenyewe, hatua kwa hatua, chai imepita ukingo, sahani imejaa pia. Akakiweka mbele ya Maurine, akavuta kigoda, akainama karibu mpaka Maurine akasikia harufu ya tangawizi kwenye mikono yake.

"Mwanangu, nina ombi moja kwako," alisema kwa sauti ya chini. "Everline acha aseme anachotaka. Aseme mimi mchawi, aseme mimi kichaa, aseme yeye ndiye daktari, sitamjibu. Lakini ile ya kichupa ibaki kwetu sisi wawili na yule mzee wa Amagoro. Tafadhali, usimwambie mtu yeyote hapa Malaba kwamba Mama Pomoni aliwahi kuongeza maji."